Kuihamishia programu ya kupanga kazi kwenye kishikwambi: tuliyojifunza kwa kidole

Programu ya kupanga kazi iliyokulia kwenye kompyuta ya mezani huwa imejaa vitu. Kushoto pana orodha ya miradi, katikati kazi zenyewe, kulia maelezo ya kazi iliyochaguliwa, juu safu ya vitufe, na nyuma ya kila mstari menyu inayofunguka ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya. Anayeihamishia kwenye kishikwambi hushawishika kuubeba mpangilio wote, akuze vitufe kidogo, kisha atoe toleo jipya. Matokeo yake ni programu ambayo mtu huifungua siku mbili tatu na kurudi kwenye daftari lake.

Kinachoumiza zaidi ni kile kisichoonekana kwenye picha za skrini. Mshale wa kipanya unaweza kusimama juu ya kitu bila kukibofya, na programu nyingi zimejificha humo: vitufe vya kuhariri na kufuta vinavyojitokeza mshale ukipita kwenye mstari, jina la aikoni, tarehe kamili pale palipoandikwa tu “kesho”. Kidole hakina hali hiyo ya katikati. Kimegusa kioo au hakijagusa. Kwa hiyo vyote hivyo hupotea kwenye kishikwambi, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuambia vimepotea. Kama programu inaendeshwa ndani ya kivinjari, huongezeka kero nyingine: rangi ya mstari ulioguswa hung'ang'ania hata baada ya kidole kuondoka, mtu akadhani kazi hiyo bado imechaguliwa. Mitindo yote ya kuelea (yaani ya mshale kusimama juu ya kitu) ifungiwe ndani ya sharti la CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, liitwalo hover: hover, ili itumike tu pale kifaa kinapotumia kipanya.

Ndiyo maana kazi ianze na jedwali kabla mtu hajachora skrini yoyote. Fungua programu ya mezani, pitia kila menyu, kila mkato wa kibodi, kila kitu kinachotokea kwa kitufe cha kulia, kwa kubofya mara mbili na kwa kuelea. Andika amri, njia inayotumika leo kuifikia, inatumika mara ngapi, na kidole kitaifikiaje. Amri inayofikiwa kwa njia moja tu, na njia hiyo haipo kwenye kioo cha kugusa, ipewe alama nyekundu. Programu ya wastani hutoa amri nyingi za namna hii kuliko walioitengeneza wanavyodhani, kwa sababu wao wamezoea mikato ya kibodi na hawaoni tena kwamba haina kitufe.

Jedwali likishakamilika huja swali gumu: nini kiwe mbele? Kishikwambi hushikwa kikaoni, ghalani, wodini, kwenye kochi. Pale mtu hupitia orodha, hutia tiki, huongeza jambo moja lililomjia, husogeza tarehe. Hayo manne yawe mguso mmoja au miwili. Kubadili lebo za kazi 80 kwa mpigo kunaweza kukaa ndani zaidi. Lakini nasisitiza: kukaa ndani, si kuondolewa. Wapo watengenezaji wanaokata nusu ya uwezo wa programu kwa hoja kwamba mtu atarudi kwenye kompyuta yake jioni. Huku kwetu wengi hawana kompyuta hiyo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye, na kwa mwalimu mwenye kifaa hicho peke yake, kilichokatwa hakipo popote.

Kuanza upya na swali hilo huzaa faida hata kwa toleo la mezani. OmniFocus, programu ya kupanga kazi, katika toleo lake la iPad lililotoka Julai 2010, ilikuja na mwonekano wa kupitia miradi mmoja mmoja na mwonekano wa siku zijazo. Mionekano hiyo iliwafikia watumiaji wa Mac katika toleo la pili mwaka 2014. Kifaa kidogo ndicho kilichokifundisha kikubwa.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu hubahatisha. Apple wanapendekeza eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44 (pointi ni kipimo chao cha skrini), Android vipimo 48 vya dp (kipimo chao kisichotegemea msongamano wa piseli). WCAG 2.2, mwongozo wa kuzifanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, wa Oktoba 2023, unaweka kiwango cha chini kabisa cha piseli 24 za CSS, na 44 katika daraja la juu. Namba hizi zisichukuliwe kama sala. Geuza kuwa milimita. iPad ya kwanza ilikuwa na piseli 132 kwa inchi, hivyo pointi 44 zilikuwa milimita 8.5. iPad mini ya mwaka 2012 ilikuwa na skrini yenye piseli zilezile 1024 kwa 768, lakini 163 kwa inchi: kitufe kilekile, msimbo uleule, kikashuka hadi milimita 6.9. Aliyekuwa amebana vitufe vyake kwenye kikomo alianza kupokea malalamiko bila kubadilisha mstari hata mmoja. Chapisha skrini yako kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, ubonyeze kwa kidole gumba chenye wino. Utaona papo hapo ni wapi gumba linafunika vitu viwili.

Mstari wa orodha ya mezani huwa na kimo cha piseli 22 hivi. Kwenye skrini iliyolala yenye kimo cha pointi 768, ukitoa 120 za vichwa na vitufe, zinabaki 648. Kwa mistari ya 22 zinaingia kazi 29, kwa mistari ya 54 zinaingia 12. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo, na kupunguza kimo hadi 36 ili “zionekane nyingi” ni kumwadhibu mtumiaji kwa kila tiki. Dawa ni kupunguza kinachooneshwa: jina la kazi, tarehe kama ipo, mradi kwa maandishi hafifu. Safu za “iliundwa lini”, “imebadilishwa na nani” na kipaumbele cha ngazi tano zihamie ndani ya kazi yenyewe. Na programu ifungukie Leo, isifungukie orodha nzima.

Kisanduku cha tiki kichorwe kwa pointi 22 hadi 24, lakini eneo lake la kugusa lichukue kimo chote cha mstari na upana wa 48. Mchoro na eneo la kugusa ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakozaa programu zenye visanduku vikubwa vya kutisha. Kitu kingine kinachobadilika bila watu kujua ni ukingo wa skrini. Tangu utafiti wa Paul Fitts wa mwaka 1954 inafahamika kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali na upana wake. Kwenye kompyuta, menyu iliyobanwa ukingoni ni rahisi kuifikia kwa sababu mshale hugonga ukingo ukasimama. Kidole hakisimami, kinatoka nje ya kioo. Na kama kishikwambi kina kasha nene lenye mdomo, pointi chache za mwisho hazifikiki vizuri. Usipange kitufe cha maana kikiwa kimegusana na ukingo. Kwa kishikwambi cha inchi 10 kinachoshikwa kwa mikono miwili, magumba hufika vizuri pembeni, kuanzia katikati kwenda chini, kwa hiyo kitufe cha kuongeza kazi kikae pembe ya chini kulia, na mipangilio ambayo hailazimiki kuguswa kila siku ndiyo ipande juu.

Tiki yenyewe ina mtego wake. Kwenye kompyuta, kazi ikitiwa tiki hutoweka mara moja na mistari ya chini hupanda. Kidole kinachotia tiki tatu mfululizo hukosea hapo: mstari wa pili umeshapanda, tiki ya pili inaangukia kazi ambayo haijafanywa, nayo inatoweka kabla mtu hajaona jina lake. Hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote kwenye programu ya aina hii, kwa kuwa mtu hupoteza jambo la kweli, dozi ya mgonjwa au malipo ya mtu, bila kujua limepotea. Acha mstari uliotiwa tiki ubaki mahali pake, umepigwa mstari wa kukata, kwa sekunde mbili. Kila tiki mpya ianze kuhesabu upya. Mikono ikitulia, ndipo mistari yote ifungwe kwa pamoja. Vilevile mabadiliko yanayoingia kutoka kwenye seva yasubiri hadi kidole kinyanyuke. Orodha isisogee chini ya kidole kwa sababu yoyote ile.

Badala ya kisanduku cha “Una uhakika?”, weka Tendua. Watu hukigusa kisanduku kile bila kukisoma, na baada ya wiki moja hakizuii chochote. Utepe wa Tendua ukae chini kwa sekunde sita au saba, na kilichofutwa kiende kwenye kapu linaloweka vitu siku 30.

Kuburuta ndiko kunakotumia muda mwingi zaidi kuliko watu wanavyopanga. Kwenye kompyuta hakuna utata: kubonyeza na kusogea ni kuburuta, gurudumu la kipanya ndilo linalosogeza orodha. Kwenye kioo, tendo ni lilelile moja kwa yote mawili. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kushikilia mstari kwa karibu nusu sekunde mpaka unyanyuke. Kidole kikisogea zaidi ya dp 8 kabla ya muda huo, basi mtu alikuwa anasogeza orodha. Ya pili, mshikio mdogo wa mistari miwili mitatu kwenye upande wa kulia, unaoburutwa papo hapo. Kwa orodha ambazo mpangilio wake hubadilishwa kila siku, mimi nachagua mshikio. Nusu sekunde ni ndefu mno ukiwa na kazi 15 za kupanga, na anayetetemeka mkono haimalizi bila kusogea.

Kwenye kivinjari, mbinu ya zamani ya kuburuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kipanya si ya kutegemea kwenye kioo cha kugusa. Tumia matukio ya pointer, yaani taarifa ambazo kivinjari hutoa kuhusu mguso au kipanya: pointerdown, pointermove, pointerup. Mshikio upewe mtindo wa touch-action: none, unaokizuia kivinjari kusogeza ukurasa kwa mguso huo, lakini mshikio tu. Ukiuweka mtindo huo kwenye mstari mzima, orodha haitasogea tena na mtu atadhani kifaa kimeganda. Tukio linalosahaulika ni pointercancel, ambalo hutokea pale kivinjari au mfumo unapojichukulia mguso. Usipolishughulikia, mstari hubaki ukiwa umeelea katikati ya skrini, umejitenga na orodha. Likitokea, rudisha kazi mahali ilipotoka. Mstari unaoburutwa uchorwe juu kidogo ya kidole, maana kidole kinafunika, na mstari mwembamba wa rangi uoneshe utakapotua. Ukikaribia juu au chini ya orodha kwa pointi 60, orodha ianze kusogea yenyewe, polepole kwanza. Na kuburuta kusiwe njia pekee. Menyu ya kazi iwe pia na “Peleka juu”, “Peleka chini” na “Hamishia mradi mwingine”, jambo ambalo WCAG 2.2 nayo inalidai.

Kutelezesha mstari kushoto au kulia ni kuzuri kwa kuahirisha, ila tangu Android 10 ya mwaka 2019 kutelezesha kutoka ukingo wowote wa pembeni kunaweza kuwa ishara ya kurudi nyuma. Mtelezesho wako uanze kusikilizwa mbali na ukingo, na kitendo chake kiwe na kitufe cha kawaida mahali pengine.

Kibodi ya kwenye kioo, kifaa kikiwa kimelala, hufunika karibu nusu ya skrini. Kisanduku cha kuandika kazi mpya kikiwa chini kitazikwa, kwa hiyo kipandishe juu mara tu kinapoguswa. Herufi zake zisipungue piseli 16, kwa kuwa ukurasa huohuo ukifunguliwa kwenye iPhone, Safari huikuza skrini nzima herufi zikiwa ndogo kuliko hapo na mpangilio kuvurugika. Baada ya kubonyeza kitufe cha kuingiza, kisanduku kibaki wazi na kitupu, tayari kwa kazi ifuatayo. Asiyefanya hivyo anamlazimisha mtu kugusa mara mbili zaidi kwa kila kazi. Kwa wanaonasa kitufe kupitia keydown, tukio la kitufe kubonyezwa: kwenye Chrome ya Android kibodi nyingi hutuma namba 229 kwa karibu kila herufi, hivyo mikato iliyofanya kazi mezani hukaa kimya. Sikiliza tukio la input, linalotokea maandishi yanapobadilika, au iache fomu ijitume yenyewe. Kisha zima usahihishaji wa maneno kwenye kisanduku cha jina la kazi, ama angalau uweke kitufe cha kuuzima. Kibodi iliyowekwa Kiingereza hubadilisha Kiswahili kuwa maneno yasiyohusika kabisa, na kazi iliyobadilishwa jina haitafutiki tena. Hata hivyo usiitupe mikato ya kibodi, kwa kuwa makasha yenye kibodi ni mengi.

Tarehe isiandikwe kama mezani. Weka vitufe vikubwa: Leo, Kesho, Jumatatu, Wiki ijayo, Chagua. Lakini saa inahitaji uangalifu wa peke yake kwa watumiaji wetu. Mtu anayekusudia saa tatu asubuhi huzungusha gurudumu hadi 3:00, akaridhika. Kifaa kimeelewa 03:00, nacho kitalia saa tisa usiku. Chini ya gurudumu andika kwa maneno, yakibadilika kadiri linavyozunguka: “saa tatu asubuhi” penye 09:00, “saa tisa usiku” penye 03:00. Kama programu inasoma maandishi, mfano “mpigie fundi kesho saa 4 asubuhi”, kanuni ni kuongeza saa sita kwa saa moja hadi kumi na mbili za mchana: saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 9 mchana ni 15:00, saa 12 jioni ni 18:00. Isipokuwa saa 12 asubuhi, ambayo ni 06:00. Saa 2 usiku ni 20:00, saa 8 usiku ni 02:00 ya siku inayofuata kwa hesabu ya kalenda, na hapo pana mtego: anayesema “Jumamosi saa 8 usiku” mara nyingi anamaanisha usiku ule ule ulioanza Jumamosi jioni. Likikosekana neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku, programu isibahatishe. Ioneshe majibu mawili yaguswe. Na iwepo mipangilio ya kuzima haya yote, kwa wasemaji wa Kiswahili wanaohesabu saa kwa mtindo wa Ulaya.

Mtu wa kompyuta amezoea kuhifadhi. Mwenye kishikwambi hapigi hodi: anafunga kasha, anageuza kifaa, anapokea simu. Android, isipoelekezwa vinginevyo, hulibomoa dirisha na kulijenga upya kifaa kinapogeuzwa, na maandishi ambayo hayajahifadhiwa huondoka nalo. Hifadhi rasimu nusu sekunde baada ya herufi ya mwisho, tena kila programu inapoondoka mbele. Kitufe cha Hifadhi kiondoke kabisa.

Kusawazisha, yaani kuvifanya vifaa vyote viwe na data ileile, kunastahili maandishi yake, lakini mambo matatu huwakuta wote wanaotoka kwenye programu ya kifaa kimoja. Kitambulisho cha kazi kiundwe kwenye kifaa chenyewe, kisisubiri seva, la sivyo kazi iliyoongezwa pasipo mtandao haina jina la kuitwa. Mgongano uamuliwe kwa kila sehemu ya kazi: mmoja akibadili tarehe na mwingine jina, yote mawili yabaki. Na mpangilio wa orodha usiwekwe kwa namba 1, 2, 3, kwani kupandisha kazi moja kutabadilisha rekodi 200 na kila moja itagombana na vifaa vingine. Weka namba zenye nafasi, 1000, 2000, 3000, na kazi inayoingia katikati ipewe 1500. Ukigawa nusu kwa nusu sehemu ileile, namba ya desimali ya kompyuta huishiwa nafasi baada ya migawanyo hamsini hivi, kwa hiyo ama upange namba upya ama utumie mfuatano wa herufi. Kazi zinazojirudia nazo: zikitiwa tiki kwenye kishikwambi na kwenye kompyuta kabla havijasawazishwa, huzaliwa kazi mbili za wiki ijayo. Kitambulisho cha inayozaliwa kitokane na cha mzazi pamoja na tarehe, ili vifaa vyote viwili vizae kitu kimoja.

Mwisho vikumbusho, ambavyo mezani vilikuwa saa tu inayohesabu ndani ya programu iliyo wazi. Kwenye kishikwambi programu huwa imelala, na lazima ukabidhi kazi hiyo kwa mfumo. Tangu Android 13 mtumiaji anaulizwa ruhusa ya arifa. Iombe pale anapoweka kikumbusho chake cha kwanza, usiiombe programu inapofunguka mara ya kwanza, kwa kuwa hapo wengi hukataa. Kengele ya dakika kamili ina ruhusa yake tofauti tangu Android 12, na kengele zote hufutika kifaa kikizimwa na kuwashwa, hivyo zipangwe upya kila kinapowaka. Kwenye iPad kikomo ni arifa 64 zinazosubiri kwa programu moja. Mwenye kazi 300 zenye saa, zilizobaki hazitalia na hatajua kwa nini. Panga 63 zilizo karibu zaidi, zipange upya kila programu inapofunguliwa au kusawazishwa, na nafasi ya 64 uitumie kwa ujumbe unaotoka baada ya ile ya mwisho, ukimwambia aifungue programu ili vikumbusho vinavyofuata vipangwe.